Matembezi ya siku moja kwenda chemchemi ya Chemka, Hai: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kila tukitangaza matembezi ya Chemka, maswali huwa ni yale yale, na mengi ni ya maana. Tumeyajibu hapa kwa urefu ili mgeni ajue anakuja wapi, na anayesitasita aamue mapema. Sisi ni watu wa kawaida wa Moshi na Arusha tunaopenda kutembea kwa miguu. Hatushindani, na mwendo wetu ni wa yule aliye nyuma kabisa.

Chemka iko wapi hasa?

Iko upande wa Rundugai, wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kusini mwa mji wa Boma Ng'ombe ulio kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha. Kwenye ramani utaikuta pia kwa jina la Kikuletwa, na wengine huiita Maji Moto. Ni mahali pamoja. Barabara ya kutoka Boma ni ya vumbi, inazidi kidogo kilomita kumi.

Tunatembea kwa muda gani? Nitaweza?

Gari linatushusha njiani, tunabakiza mwendo wa saa moja na nusu hivi, pamoja na vituo vya kunywa maji. Njia ni tambarare. Uwanja wa ndege wa KIA ulio jirani uko kwenye mwinuko wa mita 890 na kitu, na ardhi yote ya huku ni ya namna hiyo, hakuna mlima wa kupanda. Kinachochosha ni jua na vumbi. Kama unaweza kwenda sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu, safari hii utaiweza. Kurudi tunapanda gari tokea getini.

Kama gari linafika mpaka getini, kwa nini tutembee?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo lililotufanya tuanzishe matembezi haya.

Anayefika kwa gari hushuka, akaona bwawa la buluu chini ya miti, akaoga, akapiga picha, akaondoka. Hana habari ya nchi aliyopita. Anayetembea anaanza na ukavu: vumbi la kijivu linaloingia mpaka ndani ya soksi, migunga yenye miiba mirefu, mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma wakitafuta majani. Kisha, bila dalili nyingine yoyote, anasikia mfereji. Pembeni mwa mfereji mahindi yamesimama kijani kibichi, hatua chache tu kutoka palipokuwa na miiba mitupu.

Mkulima akiwa kwenye zamu yake ya maji, simama umwangalie, ukishamwamkia. Anachota kwa jembe bonge la tope lililofungamana na nyasi, analitoa mdomoni mwa mfereji, na maji yanageuka taratibu kuingia kwenye tuta. Yakishafika mwisho analirudisha bonge lile, analikandamiza kwa kisigino, anahamia tuta linalofuata. Kazi nzima inafanyika kwa tope na jembe. Zamu ikiisha, maji ni ya mwingine, na anayeiba zamu ya mwenzake huzua ugomvi wa kufika kwa mwenyekiti wa kijiji.

Ukiyaona hayo kwanza, utakapofika kwenye chemchemi utajua kuwa umekaribishwa kwenye maji ya watu. Hiyo ndiyo sababu.

Mnakwenda lini, na msimu upi ni mzuri?

Mara nyingi Jumamosi. Jumapili wengi wako kanisani, na mchana wake Chemka hufurika watu. Lakini tuna wenzetu Wasabato, hasa kutoka Upare, kwa hiyo matembezi mengine tunayaweka kwenye sikukuu za kitaifa. Saba Saba na Nane Nane zinatufaa sana kwa sababu zinaangukia kipindi kikavu na cha baridi.

Juni mpaka Oktoba ndiyo miezi tunayoipendekeza. Januari na Februari njia ni kavu pia, ila jua ni kali, tunaondoka mapema zaidi. Masika, Machi hadi Mei, hatuendi kabisa. Udongo wa huku ukinyeshewa unanata kwenye kiatu mpaka mguu unakuwa mzito, na magari hukwama.

Tunaanza saa ngapi?

Tunakutana Boma Ng'ombe saa moja asubuhi. Saa moja ni saa moja. Asubuhi Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, huonekana wazi nyuma yetu. Kadiri jua linavyopanda mawingu huufunika mlima, na huenda usiuone tena mchana kutwa.

Nitafikaje Boma?

Panda Kosta au Haisi yoyote ya Moshi na Arusha, mwambie kondakta akushushe Boma. Kutoka hapo tunakodi Noah kwa pamoja. Ukichelewa unaweza kutufuata kwa bodaboda, ila patana bei kabla hujapanda, na udai kofia ngumu.

Gharama ni kiasi gani?

Kikundi hakitozi chochote. Tunagawana nauli ya gari, na kila mtu analipa kiingilio chake getini. Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni kutoka nje ni tofauti, na bei hubadilika, kwa hiyo tunaitangaza kwenye grupu siku chache kabla. Njoo na noti ndogo ndogo, maana mtandao wa simu huko wakati mwingine unagoma. Dai risiti yako.

Maji yenyewe ni ya moto?

Si ya moto, ni vuguvugu. Hayachomi, na hayakushtui kwa baridi kama ya mito inayoshuka moja kwa moja kutoka mlimani. Mtoto anaingia bila kulia. Wanaokuja wakitarajia mvuke na mayai yanayoivia majini watavunjika moyo. Hayo hayapo hapa.

Kilichopo ni maji yaliyotakata kiasi kwamba unahesabu mawe ya chini, mizizi ya mikuyu iliyoning'inia mpaka majini, na samaki wadogo wanaokudonoa nyayo ukitulia. Hawaumizi, wanakula ngozi iliyokufa. Wengine huwapenda, wengine hupiga kelele.

Ni kweli kwamba maji haya ni theluji ya Kilimanjaro iliyoyeyuka?

Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa wengi wetu tangu shule ya msingi. Ukweli ni kwamba chemchemi za tambarare hii zinalishwa zaidi na mvua, hasa inayonyesha kwenye misitu ya milimani. Kwa upande wa Kilimanjaro, miteremko ya kusini hupata mvua nyingi zaidi kwenye ukanda wa msitu, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kidogo, kuliko kijijini chini au kileleni kwenye mita 5,895. Maji yanazama kwenye miamba ya volkano yenye nyufa na matundu, yanasafiri chini kwa chini, kisha yanaibuka huku kwenye nchi kavu.

Jambo hili lina uzito wake. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na ni huzuni kuiona inavyokwisha. Lakini anayeihofia chemchemi atazame zaidi msitu. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ili kuuingiza ukanda huo wa msitu ndani ya hifadhi. Mti unaokatwa kule juu ni habari ya mkulima wa Rundugai, ingawa hajawahi kuuona.

Naweza kunywa maji ya chemchemi?

Hapana, hata kama yanang'aa namna gani. Kwanza kuna watu wanaooga humo kutwa nzima.

Pili kuna floraidi. Miamba ya volkano ya ukanda wetu huyatia maji madini haya, na sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro zina maji yenye floraidi kupita kiasi. Meno ya kahawia mnayoyaona kwa watu wengi wa huku, ambayo wageni huyadhania uchafu au sigara, yanatokana na maji waliyokunywa utotoni, wakati meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi ni miligramu 1.5 kwa lita.

Watu huuliza: si nichemshe tu? Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiendi na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, kwa hiyo inakolea zaidi. Njia moja ya kuipunguza inayotumika huku ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi iliyofanywa kwa miaka mingi na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha. Ukimeza funda moja kwa bahati mbaya wakati wa kuogelea usihangaike. Ila usijaze chupa, na usimpe mtoto.

Beba maji yako mwenyewe, lita mbili kwa mtu mzima. Wanaokuja na chupa ya nusu lita ndio wanaosimamisha msafara.

Sijui kuogelea. Nije?

Njoo, wengi wetu hatujui. Kuna kingo za kukaa na kutumbukiza miguu, na tyubu za tairi hukodishwa. Lakini tusikilizane kwenye hili. Kina cha bwawa kinabadilika ghafla, na maji maangavu hudanganya macho: unadhani sakafu iko kiunoni, kumbe imekupita kichwa. Asiyejua kuogelea haingii bila tyubu na mtu wa kumwangalia. Hakuna kujirusha kichwa kwanza, iwe kutoka kwenye kamba au mtini, maana chini kuna mizizi na mawe. Mtu akinywa pombe, hata bia moja, haingii majini akiwa na sisi. Tumewahi kuitwa wakali kwa sheria hii, na hatutailegeza.

Mamba je? Na kichocho?

Tunaogelea kwenye bwawa la chemchemi tu, pale ambapo wenyeji nao wanaogelea, na si mtoni. Bonde la Pangani lina mamba, hasa upande wa Nyumba ya Mungu, kwa hiyo kufuata mto ili kutafuta sehemu yenu ya faragha hakuruhusiwi.

Kichocho huenezwa kwa kupitia konokono wanaopenda maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole penye majani. Ndiyo maana hatuvuki mifereji kwa miguu mitupu na hatunawi humo. Ukiona damu kwenye mkojo wiki kadhaa baadaye, nenda kapime. Dawa yake ipo, inaitwa praziquantel.

Nivae nini?

Viatu kwanza. Raba yenye soli nene ndiyo inayofaa. Mwiba wa mgunga unapita kwenye kandambili kama sindano kwenye kitambaa, na ukikatikia kwenye kisigino, kuutoa ni kazi ya kibano na uvumilivu. Kandambili au yeboyebo ziweke begini kwa ajili ya majini.

Nguo ziwe nyepesi, zenye mikono. Kofia ni lazima. Njiani tunapita vijijini, mbele ya wazee na watoto wa watu, kwa hiyo nguo za kuogelea tunavaa tukifika na si kabla. Akina mama wengi huja na kanga mbili au kitenge: moja ya kubadilishia nguo, nyingine ya kukalia. Anayetaka kuoga amejistiri kabisa asione haya, wako wengi wanaofanya hivyo.

Chakula?

Pale chemchemi huuzwa chipsi, nyama choma na soda, ila siku zenye watu wengi utasubiri mpaka njaa iishe yenyewe. Sisi tunabeba: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, ndizi, machungwa. Kila mtu analeta chake na tunakula pamoja mkekani. Anayeleta maparachichi huwa hasahauliki.

Wapo tumbili. Usiwalishe, na usiache begi wazi. Wakishazoea kupewa, kesho wanampokonya mtoto.

Chakula kiwekwe kwenye kontena au kikapu. Mifuko ya plastiki, ile ya rambo, ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata ile miembamba ya karanga hatutaki kuiona imebaki njiani. Taka zote zinarudi Boma mkononi mwa aliyekuja nazo, pamoja na maganda ya mayai.

Naweza kuoga kwa sabuni? Shampuu kidogo tu?

Hapana, hata kidogo. Usije pia umejipaka losheni au mafuta mengi, kwa sababu utaona utando wake unatandaa juu ya maji mara tu unapoingia. Maji haya hayaishii pale unapooga. Yanaingia mto Kikuletwa, na mto unapita upande wa mashamba ya miwa ya TPC, Arusha Chini, mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960. Huko watu huvua samaki, na mitambo huzalisha megawati 8 za umeme. Kisha unakuwa mto Pangani. Maji yale yale yanazungusha mitambo ya Hale, megawati 21, na ya New Pangani Falls, megawati 68, ndipo yafike baharini pale Pangani mjini.

Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi, inasimamia mgawanyo wa maji haya tangu mwaka 1991, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Sheria ni nzuri. Lakini kwa kikundi kama chetu, jambo la kukumbuka ni mama wa huko chini ya mto anayechota maji haya haya kwa ndoo.

Watoto na wazee wanaruhusiwa?

Ndiyo. Watoto kuanzia umri wa kutembea wenyewe safari nzima, kila mmoja na mtu mzima wake. Mwalimu au kiongozi wa kikundi hahesabiki kuwa mlezi. Wazee wetu ndio watembeaji wazuri kuliko vijana, hawana haraka na hawasahau maji. Mjamzito aulize kliniki kwanza.

Mwenye sukari au presha atuambie mapema, kwa siri akitaka. Beba dawa zako kwa ajili ya siku nzima, na mwenye sukari awe na kitu kitamu mfukoni, si begini.

Nina ualbino. Jua la huko nitaliweza?

Tunatembea na wenzetu wenye ualbino, na kwa ajili yao tumeweka mwendo wa asubuhi ili sote tuwe kivulini kabla ya saa nne. Njoo na kofia pana, mikono mirefu na miwani, na mafuta ya kuzuia jua. Yale ya Kilisun yanatengenezwa hapa hapa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Haya ndiyo mafuta pekee tunayoyaruhusu bila kubishana. Jipake mapema yakauke, na ukitaka kuingia majini, vaa fulana ya mikono mirefu. Bwawa lenyewe lina kivuli kizito cha mikuyu.

Nyoka? Na mtu akiumia?

Ni nadra kukutana na nyoka, ila kifutu hupenda kulala njiani na hakimbii ukimkaribia. Tembea katikati ya njia, usikanyage majani marefu, usiinue mawe. Akiuma mtu, tunamtuliza, tunauweka mguu bila kuusogeza, na gari linampeleka hospitali ya wilaya Boma. Hakuna kuchanja, kunyonya wala kufunga kamba.

Kwa aliyezidiwa na jua tuna maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya kilima. Anakunywa kidogo kidogo akiwa kivulini.

Tukikutana na wenyeji?

Tutakutana nao, na salamu ni jukumu letu tunaopita. Mkubwa apewe shikamoo yake hata kama una haraka. Tukikuta ng'ombe, tunasimama pembeni mpaka mchungaji awapitishe. Picha ya mtu yeyote unaomba kwanza, na akikataa unashukuru. Watoto watakuomba pipi au pesa. Usiwape. Kuwapa kunawafundisha kuacha kazi na shule ili wasubiri wageni barabarani. Ukitaka kuwasaidia watu wa huku, nunua nyanya na vitunguu vyao njiani. Tunatenga muda kwa ajili hiyo.

Naweza kuja na spika ya muziki?

Hapana. Na mbwa pia abaki nyumbani.

Mvua ikinyesha ghafla?

Ikinyesha usiku wa kuamkia safari, tunaahirisha na kutangaza kwenye grupu kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ikitukuta njiani tunarudi kwenye gari. Nauli iliyokwishalipwa kwa mwenye gari hairudi yote, tunagawana hasara.

Tunarudi saa ngapi?

Saa tisa alasiri tunatoka majini, saa kumi tuko Boma. Hatungojei giza. Mbu wa malaria huanza kazi jioni, na huku chini wapo wengi kuliko mlimani.

Nikitaka kuja nifanye nini?

Tuma kwenye grupu jina lako, namba ya ndugu wa kupigiwa simu, kama unajua kuogelea au hujui, na ugonjwa wowote tunaopaswa kuujua. Nafasi ni za gari mbili tu, na hatuongezi ya tatu hata watu wakiwa wengi, kwa sababu njia ile ya pembeni mwa mfereji ni nyembamba na pande zote mbili ni mashamba. Ukikosa safari hii, jina lako linakuwa la kwanza kwenye safari ijayo.